Kati ya Cherehani na Ngoma

Kila mwaka, msimu wa korosho ukiisha, gari la sinema la serikali lilipanda kutoka Masasi hadi Newala, na kila mwaka lilituletea mjinga yule yule. Alikuwa na sura kama zetu. Aliugua kwa sababu hakuchimba choo, akaenda mjini akaibiwa koti, kisha akarudi kijijini kuonywa na mtu mwenye miwani. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Nilikuwa natunga mashairi bila kufundishwa na mtu, na watu wa Newala nilikuwa nawafahamu. Mjinga yule hakuwa mmoja wao.

Mwingine ambaye hakucheka alikuwa msemaji wa gari lenyewe. Jina lake Cuthbert, Mmakua wa Lisekese kule Masasi, mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito. Kazi yake ilikuwa kutundika shuka, kuwasha mashine na kutueleza picha kwa Kiswahili. Mwaka ule picha ilipokwisha nilimfuata.

"Kaka," nikamwambia, "sauti nzuri hivyo, na uongo mtupu hivyo?"

Nilitegemea anipige. Akaendelea kukunja shuka lake taratibu.

"Uongo huu nimeusema kwa mara ya mwisho," akasema. "Leo naacha kazi. Unajua pa kulala?"

Akalala kwetu, kwenye kitanda cha kaka yangu aliyekuwa mkongeni, na akakikalia mpaka kaka aliporudi akakuta amepata ndugu mpya.

Cuthbert alikuwa na kamera yake mwenyewe. Wazungu wa mradi wa karanga walipokata tamaa kule Nachingwea waliuza kila kitu, matrekta, vitanda, hata sahani, na yeye akanunua kile ambacho hakuna mtu aliyekigombea: kamera ya kutiwa ufunguo kama saa, pamoja na mikebe ya filamu. Aliiweka ndani ya kapu, akaifunika kwa kanga ya mama yake.

"Nataka kutengeneza picha ndefu," aliniambia. "Haina mjinga. Ni mji mmoja, siku moja ya soko. Watu watatu, kila mmoja anahangaika na lake, kumbe tangu asubuhi maisha yao yanapishana, yanagusana, na wenyewe hawaoni."

"Na nani ataisema?"

"Wewe. Kamera yangu ni bubu. Utasimama kando ya shuka useme mashairi yako."

"Mmakua akimwomba msaada Mmakonde, basi Masasi kuna njaa."

"Na Mmakonde akiruhusiwa kusema, basi hakuna atakayelala. Unakuja au huji?"

Nikaja.

Mtu wetu wa kwanza alikuwa Benedikto, dereva wa lori la Masasi. Tulimpiga picha akiondoka chini ya majabali ya kwao kabla jua halijatoka, na tukampiga akifika Newala na mabunda ya kaki, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Wa pili alikuwa fundi cherehani, Nikolao, ambaye sisi sote tulimwita Baba Yuliana. Alishona barazani kwenye duka lililotazama soko. Wa tatu alikuwa mke wake, Mama Yuliana. Huku juu kwetu hakuna mto wala kisima. Maji yako chini, kwenye chemchemi za bondeni. Mabomba yalikuwa bado ni maneno tu. Kila alfajiri Mama Yuliana alishuka ule ukingo na ndoo yake, akapanda nayo kichwani, akauza maji sokoni, na yaliyobaki akayapeleka nyumbani.

Mambo mazuri hatukuyapanga. Siku moja Benedikto aliteremka kwenye lori, suruali ikanasa kwenye bati na kupasuka nyuma yote. Akakimbilia barazani kwa Baba Yuliana, akavua, akajifunga kaniki ya watu, akasubiri nyuma ya duka huku fundi akiishona. Mara Mama Yuliana akapita na maji.

"Dada mgeni," akamwambia, "waume zako hawajambo?"

Benedikto alicheka huku ameishika kaniki kwa mikono miwili, asiweze kupokea kopo la maji, ikabidi mama amnyweshe kama mtoto. Kamera ilikuwa inazunguka. Cuthbert alikuwa analia kwa furaha nyuma yake, na mimi nilijua kwamba mjinga wa serikali amepata dawa yake.

Mwisho wa picha tuliutaka uwe ngoma. Unyago ulikuwa unakwisha, wari wanatolewa, na jioni ya siku ya soko lipiko akaja kucheza uwanjani. Kwa msomaji asiye wa kwetu niseme kidogo. Lipiko ni yule mwenye kinyago usoni na nguo zimembana mwili mzima. Watoto na wanawake wanaambiwa kwamba si mtu, ni mfu aliyetoka ardhini, nao humpigia kelele na kumkimbia. Sisi tulioingia jandoni tunajua ndani yake kuna mtu, lakini hatuulizi ni mtu gani. Akijulikana mbele ya wanawake, ngoma yake imekwisha. Hatacheza tena maisha yake yote, na wanaume wenzake hawatamwita tena kwenye mambo ya jando, kwa kuwa ameuacha mji uchi. Lipiko wetu wa miaka ile alikuwa hodari kupita wote. Ilisemekana anatoka kijiji cha Makote.

Cuthbert aliingia jando la misheni kule Masasi, la padri na maji ya baraka. Alimheshimu lipiko kama mtu anavyoiheshimu nyumba ya jirani. Alilala kifudifudi vumbini, akaipiga picha miguu yake kwa karibu sana, vumbi likiruka, njuga zikitikisika.

Filamu zilipelekwa Nairobi kusafishwa, zikarudi kiangazi kizima kimepita. Tulifungua mikebe kwenye ghala la korosho alilotuazima mjomba wangu. Cuthbert alikata kwa mkasi, akaunga kwa gundi yake yenye harufu ya kuleta machozi, akaning'iniza vipande kwenye kamba kama nguo. Misheni ya Masasi ilimwazima mashine ndogo ya kuonyeshea, ya kuzungusha kwa mkono, taa yake ikawaka kwa betri ya lori la Benedikto.

Na hapo ndipo tulipopata unganisho letu. Cherehani ya Baba Yuliana ilikuwa ya kukanyaga, na Cuthbert alikuwa ameupiga picha mguu wake kwenye kibao. Akauweka mguu wa fundi, halafu mguu wa lipiko, halafu fundi, halafu lipiko, kwa haraka, kibao na vumbi, sindano na njuga. Lo! Nilipiga kelele. Kazi na ngoma vilikuwa kitu kimoja. Nilikaa siku ile ile nikatunga beti juu ya mguu, beti ambazo hata leo naamini ni bora kuliko zote nilizowahi kutunga. Sitaziandika hapa.

Cuthbert alikuwa na nadhiri moja. "Yule mjinga hakuulizwa kama anataka kuwa mjinga," alisema. "Watu wangu wataulizwa. Hakuna atakayeonyeshwa uwanjani kabla hajajiona mwenyewe." Kwa hiyo, siku moja kabla ya maonyesho, watu wa Tandahimba na Makote wakiwa wamekwisha kupata habari na mashine ikisubiriwa irudi Masasi, tuliwaita watu wetu ghalani. Benedikto alijiona na kaniki yake, akasema suruali ile aliinunua Lindi na isidharauliwe. Baba Yuliana alikataa kuja. Alikuwa anatushonea shuka kubwa la marekani la kuonyeshea picha.

"Nitaiona kesho na watu," alisema bila kuinua kichwa. "Fundi hajitazami."

Mama Yuliana alikuja mchana, baada ya soko, na ndoo yake tupu.

"Shikamoo, Mama Yuliana."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmeziba madirisha kwa magunia? Kuna maiti?"

"Kuna picha, Mama," Cuthbert akasema, akaanza kuzungusha.

Alijiona akishuka ukingo, akasogeza ndoo kando apate kuona vizuri. Alijiona akimnywesha Benedikto, akacheka mpaka akajipiga paja. Mimi nilikuwa nasema mashairi kwa sauti ya uwanjani, ghala zima linavuma. Tukafika kwenye ule mguu. Kibao. Vumbi. Kibao. Vumbi.

Nilikuwa katikati ya ubeti wa kwanza nilipoona Mama Yuliana hacheki tena. Alikuwa ameinua upande wa kanga yake akajifunika macho.

"Simamisha hiyo," akasema.

Cuthbert akasimamisha. Nikafungua gunia moja, mwanga ukaingia.

"Vipi, Mama?" nikauliza. "Shairi ndiyo kwanza linaanza."

"Macho yameingia vumbi."

"Vumbi? Humu? Mama, sakafu tumeimwagia maji tangu asubuhi. Maji yako mwenyewe!"

"Lukmani, nimesema vumbi. Hapo mwisho sikuona kitu."

"Basi tunarudisha nyuma uone."

"Ukirudisha nyuma litaniingia tena." Akajifuta uso kwa kanga polepole. "Na kesho wanawake wote wa Newala wakija na macho yao, na Makote, na Tandahimba, nao waingie vumbi? Utawapata wapi wanawake wengi hivyo wa kuingia vumbi kwa pamoja?"

Nilikuwa na jibu kali mdomoni. Kijana aliyekatizwa shairi lake hana adabu. Lakini Cuthbert, ambaye alikuwa bado ameshika mpini wa mashine, alikuwa anatazama kile kipande kilichosimama kwenye mwanga wa taa. Nikatazama nami. Palikuwa na mguu wa lipiko umeinuliwa. Kidole gumba kimetengwa na wenzake, kimeelekezwa juu kidogo, kama mtu anayeonya. Nikakumbuka mguu wa cherehani. Kabla ya kukanyaga kibao, Baba Yuliana hugonga kisigino, halafu hutenga kidole gumba vile vile. Mji mzima ulikuwa umeuona mguu ule barazani na ukauona uwanjani, na kati ya kuuona mara moja na mara ya pili palikuwa na mchana mrefu, kinyago, kelele na hofu. Sisi tuliondoa vyote hivyo kwa mkasi. Tuliiweka miguu miwili bega kwa bega, tukawasha taa, na mimi nikaitungia shairi ili hata kipofu asikose.

Huyu hakuwa mke wa jirani aliyekuwa anatuonya. Alikuwa mke wa mwenye mguu huo. Kwa miaka yote Baba Yuliana alikuwa akimuaga kwamba anakwenda Makote kupima watu kanzu, na akirudi miguu imevimba. Na sheria ya kwetu inasema mwanamke huyu hajui.

"Mama," Cuthbert akaanza, "sisi hatukujua kwamba..."

"Hamkujua nini?" akamkata. "Kuna kitu cha kujua? Mimi nimekwambia habari ya vumbi, wewe unaniletea mambo ya kujua. Wamakua mna tabu."

Cuthbert akamtazama mwanamke yule kama aliyepotea anavyomtazama mtu aliyemwokota barabarani.

"Nikikitoa kipande hiki," akasema kwa uangalifu, "picha yangu inabaki na shimo. Fundi yuko barazani mchana, halafu ghafla ni jioni na ngoma. Nijaze nini hapo katikati?"

Mama Yuliana akaokota ndoo yake, akaikung'uta.

"Nimeona mmenipiga picha nikishuka bondeni. Nikipanda hamkunipiga?"

"Tulikupiga, Mama. Ni ndefu mno. Unapanda tu, unapanda, hakuna kinachotokea. Niliikata."

"Hakuna kinachotokea!" Akacheka kwa mara ya kwanza tangu lile vumbi. "Njoo uibebe wewe. Mwanangu, kutoka kwenye cherehani mpaka kwenye ngoma ni mbali. Mtu hafiki bila maji. Niweke mimi hapo katikati, nipande mpaka nifike. Atakayechoka kutazama, basi amejua ninavyochoka."

Akatoka. Mlangoni akageuka. "Na ghala hili mlifagie."

Cuthbert alikaa juu ya gunia la korosho. Nilidhani atalia. Ule mguu ulikuwa moyo wa picha yake, kitu alichokiona peke yake duniani akiwa kifudifudi vumbini.

"Na mashairi yako," akasema.

"Mashairi yangu yametaja mguu," nikasema. "Yamekwenda."

Alikata vipande vyote vya miguu, ya fundi na ya lipiko. Akaitoa kwenye mkebe ile safari ya kupanda, akaiunga nzima, bila kupunguza. Mimi nikakaa kwenye kizingiti nikatunga upya, nikiwa na hasira mwanzoni, halafu hasira ikaniishia.

Kesho yake mchana tulivipeleka vile vipande, tumeviunga kuwa kimoja, kwa Baba Yuliana. Shuka la marekani lilikuwa limekwisha, limekunjwa vizuri. Alikuwa anapiga pasi kaptura za shule, pasi ya mkaa, moshi mdogo ukitoka pembeni. Cuthbert akampa kile kipande. Baba Yuliana akakiinua kwenye jua, akavitazama vile vipicha vidogo, kimoja baada ya kingine, kwa muda. Uso wake haukubadilika.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna, Baba," nikasema. "Mama Yuliana alikuwepo, ila aliingia vumbi."

"Vumbi."

"Ndiyo, Baba."

"Ghala la mjomba wako ni chafu sana," akasema. Akafungua kifuniko cha pasi, akakizungusha kipande kama anayekunja utepe wa kupimia, akakiweka juu ya makaa, akafunga, akaendelea kupiga pasi kaptura ya mtoto wa watu. Harufu ilikuwa mbaya kupita kiasi. Mteja aliyekuwa barazani akauliza kuna nini.

"Kaki za siku hizi," Baba Yuliana akasema.

Jioni ile uwanja ulijaa kuliko siku yoyote ya gari la serikali. Shuka la Baba Yuliana halikuwa na kunyanzi hata moja. Yeye mwenyewe alikaa mbele kabisa, kwenye kigoda, mahali ambapo kila mtu angemwona, amevaa kanzu nyeupe na viatu. Benedikto alizungusha mashine, Cuthbert akasimama karibu naye kurekebisha taa, na mimi nikasimama kando ya shuka.

Walimpigia makofi Benedikto na lori lake. Kwenye ile kaniki walipiga kelele mpaka sikuweza kusema, na bibi mmoja, Bi Zena wa sokoni, akasimama kumwuliza Benedikto mbele ya watu wote mahari yake ni kiasi gani. Halafu ikaja ile safari ya kupanda. Mama Yuliana alitokea chini ya ukingo, mdogo kama sisimizi, akaanza kuja. Hakuna kilichotokea, kama Cuthbert alivyosema. Mama alipanda tu. Nikasema:

*Maji hupanda mlima, kichwani yametulia,*
*Jua halijasimama, njia keshaishikia,*
*Shingo yake ni ya chuma, tone hajaliachia,*
*Newala, sema salama, mama ametufikia.*

Nyuma, gizani, wanawake wakaanza kuitikia. "Salama!" Kila alipovuka jiwe walisema salama. Wale ambao alfajiri wangeshuka njia ile ile waliisema kwa sauti ambayo shairi langu la mguu lisingeipata hata siku moja, na mimi ni mtu mwenye majivuno, silisemi jambo hili kwa urahisi. Alipofika juu na kuitua ndoo, uwanja mzima ulipumua.

Ndipo lipiko akatokea kwenye shuka, kwa mbali, mzima, kinyago kikimeta, vumbi limemzunguka hadi magotini. Wanawake wakapiga yowe. Watoto wakakimbilia migongoni mwa mama zao. Na aliyepiga yowe kubwa kuliko wote, aliyerudi nyuma mbio mpaka akaangusha kigoda cha mtu, alikuwa Mama Yuliana.

Mbele, kwenye mwanga, mumewe alikuwa amekaa na viatu vyake, anatikisa kichwa kwa hofu kama wengine. "Huyo wa Makote," alimwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika, "mwaka huu amezidi."

Asubuhi nilikwenda kurudisha kigoda cha fundi. Baba Yuliana alikuwa amekaa uani, miguu ndani ya beseni, na Mama Yuliana anamwagia maji ya moto, yale yale ya bondeni, kidogo kidogo.

"Shikamooni."

"Marahaba, Lukmani. Karibu," Mama akasema. "Unamwona baba yako? Viatu vya jana vimembana. Hajazoea."

"Pole, Baba."

"Nimeshapoa," akasema Baba Yuliana, na akauzamisha ule mguu ndani ya maji.

Nilitaka kumshukuru yule mama. Nilikuwa nimekuja na ubeti mzima wa shukrani kichwani, vina vyote vimekaa sawa. Lakini ningemshukuru kwa jambo gani, ikiwa hakuna lililotokea? Nikaichukua ndoo yake iliyokuwa mlangoni.

"Unaipeleka wapi?"

"Bondeni, Mama. Leo napanda mimi."

"Mwanamume na ndoo kichwani! Newala nzima itakucheka."

"Waache wacheke. Cuthbert anakuja na kamera, amebakiwa na filamu kidogo."

Nilimwaga nusu njiani, na shingo iliniuma siku tatu, ila maji yalifika.

Msomaji wa Newala, najua unachofanya sasa. Unahesabu mafundi cherehani waliokuwa barazani miaka ile. Usijisumbue. Kazi yake nimeibadilisha, majina nimeyabadilisha, na kidole gumba nimempa mtu mwingine. Msimu uliofuata lipiko alikuja tena, hodari kuliko mwanzo, na Mama Yuliana akakimbia tena na kupiga yowe, mimi nikiwa pale namtazama, namshukuru kimya kimya, macho yangu yamejaa vumbi.